Mtindio wa ubongo: miaka 150 ya kulaumu na kunyoosha

Mtoto wa anti yangu ana mtindio wa ubongo. Nikiwa mdogo nilikuwa nawasindikiza kliniki, mathree mbili kwenda, mbili kurudi. Huko mtoto analazwa kwa mkeka, mtu anamkunja na kumnyoosha miguu, analia, muda unaisha, tunalipa, tunarudi home. Na njiani lazima kuwe na mtu wa kuuliza anti, "Kwani ulifanya nini ukiwa na mimba?"

Kunyoosha na kulaumu. Juzi nikaamua kufuata hayo mambo mawili mpaka yalikotoka. Wasee, yametoka mbali.

Tuanze London. William John Little alikuwa daktari wa viungo, na yeye mwenyewe alikuwa na mguu uliopinda tangu utotoni. Mwaka wa 1861 aliwaambia madaktari wa uzazi kwamba watoto wengi wenye viungo vilivyokakamaa walizaliwa kwa shida: kabla ya wakati, au wakikosa hewa. Hali yenyewe ikaitwa ugonjwa wa Little. Hapo ilikuwa hatua kubwa, juu sasa kulikuwa na maelezo ya kidaktari, si laana. Lakini macho yote yakabaki kwa chumba cha kujifungulia.

Halafu akaja mtu hungemtarajia: Sigmund Freud. Eeh, yule wa ndoto. Kabla ya ndoto alikuwa daktari wa neva, na mwaka wa 1897 alitoa kitabu kizima kuhusu watoto hawa. Aliuliza: je, kama kuzaliwa kwa shida si chanzo, bali ni dalili ya kitu kilichoenda mrama mapema, tumboni? Wengi walimpita tu. Mwaka wa 1986, karibu miaka 90 baadaye, Karin Nelson na Jonas Ellenberg wa Marekani walionyesha kuwa kukosa hewa wakati wa kuzaliwa kunaeleza sehemu ndogo tu ya visa.

Hiyo ni Marekani lakini. Huku kwetu picha ni tofauti kidogo. Utafiti wa Iganga na Mayuge, Uganda, uliotoka 2017, ulipata karibu watoto 3 kwa kila 1,000, na baadhi yao waliumia ubongo baada ya kuzaliwa, malaria ikiwa kati ya sababu. Kwa hivyo ukimuuliza mama "ulifanya nini," unauliza swali ambalo hata sayansi haijampa yeye kama jibu.

Sasa kunyoosha. Berta na Karel Bobath walitoroka Wanazi wakaishia London, na kuanzia miaka ya 1940 wakajenga njia ambapo mtaalamu anamshika mtoto na kuuongoza mwili wake uzoee mwendo wa kawaida. Ikaenea dunia nzima kabla mtu hajaipima vizuri.

Mwaka wa 1988, Frederick Palmer na wenzake wakaipima kwa watoto 48. Kundi moja lilipata tiba hiyo miezi 12. Lingine lilianza na miezi 6 ya michezo ya kuchangamsha mtoto, ndio likafuata tiba. Kundi la tiba tupu halikutembea mapema zaidi. Noma ni kwamba la michezo ndilo lilifanya vizuri. Ulikuwa utafiti mdogo, lakini swali likawa wazi.

Mwaka wa 2013, Iona Novak wa Australia na wenzake wakakusanya tafiti nyingi pamoja. Zilizosimama imara ni zile ambapo mtoto mwenyewe anafanya kazi: anarudia kitu halisi anachotaka kukiweza, mara nyingi, hata nyumbani. Au mkono mzuri unazuiwa kwa muda ili ule dhaifu ulazimike kufanya kazi. Kushikwa na kunyooshwa tu, ushahidi wake ni mdogo.

Sisemi watu waache kliniki. Nasema ukifika, uliza: leo anajifunza kufanya nini?

Binamu yangu alijifunza kushika kikombe kwa meza ya shosho. Hakuna aliyemshika mkono. Alimwaga, akamwaga tena, shosho akapanguza meza na kumjazia kingine. Alikuwa anataka chai, basi.

Na anti yangu, hakuna kitu alifanya. Mtu aliyekuwa akimuuliza kwa mathree, natumai anasoma hii.