Bastola ya The Terminator na waya uliofichwa kwenye koti

Kama umeiangalia The Terminator ya mwaka 1984, unaikumbuka ile bastola yenye mwale mwekundu. Usichokiona ni waya. Leza ile ilikuwa ya kweli, ya mrija wa gesi za heliamu na neoni, na ilidai volti 10,000 ili iwake, kisha kama volti 1,000 ili isizimike. Betri ya kazi hiyo haikai kwenye bastola. Basi waya ukapitishwa ndani ya mkono wa koti la Arnold Schwarzenegger, betri ikafichwa humohumo. Kwenye filamu inapita. Sasa hebu mpe askari anayetambaa kwenye matope.

Leza yenyewe haikuwa ngeni. Theodore Maiman aliwasha ya kwanza, ya fuwele ya yakuti, tarehe 16 Mei 1960 huko California. Na dawa ya waya ilianza kuonekana mapema tu: mwaka 1962 Robert Hall wa General Electric alipata leza kutoka kwenye kipande cha galiamu aseniadi kidogo kuliko punje ya mchele. Tatizo, ilibidi kipozwe kwa nitrojeni ya kimiminika. Mwaka 1970 ndipo diodi hizo zikaweza kuwaka mfululizo kwenye joto la kawaida la chumba, kwa kazi ya kundi la Zhores Alferov kule Leningrad na ya watafiti wa Bell Labs, Marekani. Zenye mwanga mwekundu zilisubiri hadi mwishoni mwa miaka ya 1980. Umeme wake? Volti mbili tatu, yaani betri ndogo inatosha.

Mimi naona ile nukta nyekundu inavutia kuliko inavyosaidia. Adui naye anaiona, ndiyo maana majeshi yalipenda infraredi, ambayo askari huiona kwa miwani ya usiku. Tena nukta haikwambii shabaha iko umbali gani, na umbali ndio wenyewe. Risasi iliyokaa hewani sekunde moja huwa imeanguka karibu mita 5 chini ya mstari wa mtutu. Ukikosea kukadiria, unapiga mchanga.

Kupima umbali kwa leza ni kama kuupigia mlima kelele na kungoja mwangwi. Unatuma mpigo wa mwanga, unahesabu muda wa kurudi. Kwa shabaha ya mita 600, safari nzima huchukua sehemu 4 za milioni ya sekunde. Ukitaka kosa lisizidi mita moja, saa yako lazima itofautishe nanosekunde 7 hivi.

Saa zilipatikana. Jicho likabaki. Leza za vipima umbali vya mwanzo, za yakuti (nanomita 694) na baadaye za Nd:YAG (nanomita 1,064), hupenya jicho, na lenzi ya jicho huukusanya mwanga wake kuwa nukta moja kwenye retina. Ya pili ni mbaya zaidi: huioni, kwa hiyo hata hufumbi. Askari wafanyeje mazoezi kwa kuelekezeana kitu hicho? Wahandisi wakahamia kwenye nanomita 1,500 na ushei, ambako maji ya sehemu ya mbele ya jicho huumeza mwanga kabla haujafika kwenye retina.

Leo vyote hivi vimeingia kwenye boksi moja juu ya bunduki. Mwaka 2022 Jeshi la Marekani liliipa Vortex Optics mkataba wa hadi vifaa 250,000 vya XM157: darubini, kipima umbali na kompyuta inayokokotoa anguko la risasi.

Sheria nayo ilishaligusa jicho. Itifaki iliyopitishwa Vienna Oktoba 1995 inapiga marufuku silaha za leza zilizobuniwa mahususi kumpofusha mtu moja kwa moja. Ila soma kifungu cha 3: upofu unaotokea kama athari ya pembeni ya matumizi halali ya leza vitani haumo kwenye katazo hilo. Vifaa vya nanomita 1,064 vilibaki halali, na mpaka leo leza za kuongozea mabomu hutumia urefu huohuo wa wimbi.