Korongo Mfuko-shingo, Taka na Usalama wa Makazi: Historia ya Kuishi na Wanyamapori Kisugu, Kampala

1.0 Utangulizi

Jina la Kampala lenyewe limehifadhi kumbukumbu ya mnyama. Kwa mapokeo yanayokubaliwa na wengi, Waingereza walikiita kilima ambapo Frederick Lugard alijenga ngome mwaka 1890 kilima cha impala. Waganda wakasema akasozi k'empala, na neno la mwisho likawa jina la mji. Empala huyo ndiye swala pala wa Kiswahili. Swala hao wametoweka vilimani, lakini mji haujakosa wanyamapori. Makala hii inaichunguza hali hiyo Kisugu, mtaa wa Tarafa ya Makindye ulio jirani na Kibuli, Muyenga na Namuwongo. Inajenga hoja kwamba sera za usalama nchini Uganda zilirithi fikra ya kutenganisha watu na pori, fikra isiyoweza kutumika pale ambapo makazi yenyewe ndiyo yanayomlisha mnyama.

2.0 Sera ya Kutenganisha

Fikra hiyo ina historia. Mlipuko wa malale ulioanza takriban mwaka 1900 uliua watu zaidi ya 200,000 kandokando ya Ziwa Viktoria. Kuanzia mwaka 1906, Gavana Hesketh Bell aliamuru wakazi wahamishwe kutoka ufukoni, na baadaye visiwani, ili wasiumwe na mbung'o. Vifo vilipungua. Hata hivyo, waliookolewa walipoteza mashamba na uvuvi wao, na vichaka vikarudi mahali palipokuwa na vijiji. Mwaka 1952 zilianzishwa hifadhi za taifa za kwanza, ya Maporomoko ya Murchison na ile iliyokuja kuitwa Queen Elizabeth. Mpaka ukachorwa: mnyama ndani, mtu nje.

Sheria ya Wanyamapori ya mwaka 2019 ilipiga hatua kwa kuweka mpango wa fidia kwa anayeuawa, kujeruhiwa au kuharibiwa mali nje ya hifadhi na wanyama waliotajwa katika jedwali lake. Lakini taswira inayoiongoza bado ni ya mkulima anayepakana na hifadhi. Mpangaji wa Kisugu hayumo katika taswira hiyo.

3.0 Ndege wa Jalala

Mnyamapori anayeonekana zaidi Kampala ni korongo mfuko-shingo, kalooli kwa Kiganda. Kimo chake hufikia meta 1.5, na mabawa yake yakikunjuliwa huzidi meta 2. Kwa asili ni mla mizoga, anayefuata tai na simba. Mjini hufuata machinjio, masoko na majalala. Derek Pomeroy wa Chuo Kikuu cha Makerere alianza kuwachunguza ndege hawa katika miaka ya 1970, muongo ambao huduma za mji zilidhoofika chini ya utawala wa Idi Amin. Taka zilizobaki barabarani zikawa karamu, na miti mikubwa ya mitaani ikawa makao ya viota.

Jalala la Kiteezi, lililofunguliwa mwaka 1996 katika Wilaya ya Wakiso, lilikusanya taka za mji mzima na makorongo pamoja nazo. Tarehe 10 Agosti 2024 lundo hilo liliporomoka na kuua watu zaidi ya 30. Waliokufa hawakuuawa na mnyama. Waliuawa na kile kile kilichomvuta mnyama. Kwa sababu hiyo, kumtenga korongo na suala la taka ni kuacha chanzo na kushika dalili.

Kisugu inaonyesha uhusiano huo kwa kipimo kidogo. Taka isiyozolewa mtaani husombwa na mvua kuelekea Namuwongo na Mfereji wa Nakivubo, kisha kwenye kinamasi na Ghuba ya Murchison, ambako mji huchota maji yake ya kunywa. Njiani hulisha makorongo, panya na mbwa wasio na wenyewe. Na panya huwavuta nyoka.

4.0 Lugha ya Tahadhari

Mara nyingi husemwa kwamba wanyama "wamevamia" makazi. Kitenzi hicho humpa mnyama nia na kumwondolea binadamu wajibu. Mlo wa korongo umeandaliwa na binadamu. Kwa hiyo anayestahili kuambiwa jambo ni mwandaaji. Kiswahili, lugha rasmi ya pili ya Uganda tangu marekebisho ya katiba ya mwaka 2005, kinaweza kubeba ujumbe huo pamoja na Kiganda, hasa katika mitaa yenye wahamiaji kutoka Kongo na Sudani Kusini. Ujumbe wenyewe ni mfupi: usimlishe mnyamapori, funika taka, usikaribie kiota wala kumshika popo au ndege aliyeanguka, ukiumwa na mnyama, osha jeraha kwa maji na sabuni dakika 15, kisha wahi kituo cha afya upate chanjo ya kichaa cha mbwa.

5.0 Hitimisho

Historia hii inawapa washauri wa sera mambo mawili. Kwanza, bajeti ya kuzoa taka ihesabiwe kuwa sehemu ya bajeti ya usalama dhidi ya wanyamapori mijini. Pili, uamuzi wa mwaka 1906 usirudiwe kwa jina jingine. Wakazi wa pembezoni mwa vinamasi ndio wanaoishi karibu zaidi na hatari, na ndio wa kwanza kuambiwa wahame. Kuwahamisha bila kuzoa taka kutabadilisha anwani ya tatizo tu, na korongo atawafuata huko waendako.