"Rais Mteule": Historia Fupi ya Istilahi na Muda Wake

Istilahi "rais mteule" humtaja mtu aliyekwisha kutangazwa mshindi wa uchaguzi lakini hajaapishwa. Kivumishi -teule kimetokana na kitenzi teua, ambacho maana yake ya msingi ni kuchagua kwa makini. Katika Biblia ya Kiswahili, wateule ni watu waliochaguliwa na Mungu. Katika lugha ya serikali, rais huteua mawaziri, ilhali wananchi humchagua rais. Kwa hivyo istilahi hii ina mgongano wa ndani: aliyechaguliwa na umma hupewa jina linaloelekea kumhusisha na uteuzi utokao juu.

Mgongano huo umo hata katika sheria. Ibara ya 42 ya Katiba ya Tanzania ya 1977 inaagiza kwamba rais mteule ashike madaraka kabla ya kupita siku saba baada ya kutangazwa kuwa amechaguliwa. Vitenzi viwili vinakutana katika kauli moja: kimoja kinampa mshindi jina, kingine kinaitaja kura iliyompa ushindi.

Nchini Kenya, tatizo lilizidi lile la maana. Istilahi yenyewe ilikosa muda. Tarehe 30 Desemba 2007, Mwai Kibaki alitangazwa mshindi na kuapishwa katika Ikulu ya Nairobi jioni hiyo hiyo. Hapakuwa na hata siku moja ya kuwa rais mteule, wala nafasi ya kuyapinga matokeo mahakamani kabla ya kiapo. Katika ghasia zilizofuata, watu zaidi ya 1,000 waliuawa.

Katiba ya 2010 iliipa istilahi hiyo muda. Anayepinga matokeo ana siku 7 za kuwasilisha kesi katika Mahakama ya Juu, nayo Mahakama ina siku 14 za kuamua, kiapo husubiri. Uzito wa mpango huu ulidhihirika mwaka 2017. Uhuru Kenyatta, aliyekuwa madarakani, alitangazwa mshindi tarehe 11 Agosti. Tarehe 1 Septemba Mahakama ikaubatilisha uchaguzi huo. Aliendelea kuwa rais, lakini hakuwa tena rais mteule, hadi uchaguzi wa marudio wa Oktoba.

Tukio hilo lilitenganisha cheo na ushindi, mambo ambayo jioni ile ya 2007 iliyafanya kuwa kitu kimoja. Aidha, liliirudishia istilahi maana ya msingi ya kitenzi chake: kuteua ni kuchagua kwa makini, na umakini hauwezekani pasipo muda.