Kabla ya kununua lupango kando ya kiwanda

Andiko la leo ni refu kidogo. Wekeni simu kwenye chaji, mlisome mpaka mwisho, juu linagusa nyumba ambayo wengi wetu tunaota kujenga.

Mwezi uliopita yaya yangu alinipigia simu: amepata lupango. Kwa wasiotoka Katanga, lupango ni kiwanja cha kujenga, na kukipata ndani ya mji, si kule mbali porini, ni habari ya kuita jamaa wote. Hiki kiko kando ya ukuta wa kiwanda kimoja cha zamani kilichozimika. Kiwanda sitakitaja. Barabara ipo, nguzo za umeme zipo, soko ni mwendo wa dakika kumi, na bei ni ya chini kuliko alivyozoea kusikia. Muuzaji alimpa siku nane alete pesa ya kwanza. Yaya akaniuliza: "We njo ulisomaka mambo ya zamani. Niambie, ile fasi iko muzuri?"

Nilidhani ni swali dogo. Limenichukua wiki nzima.

Likasi haikukua yenyewe kama kijiji kinavyokua, nyumba moja baada ya nyingine kufuata maji. Ilichorwa. Union Minière du Haut-Katanga iliundwa mwaka 1906. Reli ikafika Élisabethville, ndiyo Lubumbashi ya leo, mwaka 1910, kisha ikaendelea kufuata machimbo. Wenyeji wa nchi hii walikuwa wakiyeyusha mukuba, yaani shaba, karne nyingi kabla ya kampuni yoyote. Kampuni ilipokuja ilileta kipimo kingine: katika miaka ya 1920 mitambo ilisimama Panda, na mwaka 1929 kiwanda cha Shituru kikaanza kusafisha shaba kwa umeme. Mji ukapewa jina la mkubwa mmoja wa kampuni, injinia Mbelgiji Jean Jadot: Jadotville. Mwaka 1943 ukapata hadhi ya mji. Mwaka 1966 ukawa Likasi.

Tuna komini nne: Likasi, Kikula, Panda na Shituru. Ukimtajia mzee wa hapa Panda au Shituru, anaona bomba la moshi kabla ya kuona nyumba. Mji wetu ulipangwa hivyo: kiwanda kwanza, halafu watu wa kukihudumia. Katikati waliwekwa wazungu, maduka, barabara pana na miti ya jakaranda. Kambi za wafanyakazi ziliwekwa karibu na kazi, mahali ambapo king'ora kikilia hakuna anayeweza kusema hakusikia. Weusi wasiokuwa wa kampuni walikuwa na mahali pao, kule Kikula.

Kuna jambo moja katika michoro ya wakati ule ambalo vitabu vya shule havikutufundisha sana. Wachoraji wale waliujua upepo. Mfano ulio wazi zaidi uko Lubumbashi. Kiwanda cha kuyeyusha shaba kilianza kazi kule mwaka 1911. Katika nchi yetu upepo mkubwa wa kiangazi unatoka kusini-mashariki, kwa hiyo moshi ulikwenda kaskazini-magharibi. Mji wa wazungu ulikuwa upande mwingine. Na kati ya wazungu na weusi liliachwa eneo tupu la mamia ya mita, wakisema ni kwa ajili ya afya, eti mbu asivuke. Kwa hiyo elimu ya upepo, maji na umbali ilikuwepo tangu mwanzo. Ila ilikuwa inalinda watu wachache.

Mtaa wa Penga Penga, ulio chini ya njia ya moshi ule wa Lubumbashi, bado unalipa. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Lubumbashi wamepima udongo wake kwa miaka mingi na kukuta shaba na metali nyingine nyingi kuliko mimea inavyoweza kuvumilia. Kuna sehemu majani hayaoti kabisa. Wamejaribu kufunika udongo ule kwa aina za nyasi zinazostahimili shaba, ili angalau vumbi lisipeperuke. Watu wanaishi pale, watoto wanacheza pale.

Sasa turudi kwenye nyumba za kambi. Kuanzia mwaka 1928 hivi Union Minière ilibadilisha siasa yake ya kazi. Badala ya kuleta wanaume peke yao kwa miezi michache, ikawapa mikataba ya miaka mitatu na kuwaruhusu kuja na wake zao. Nyumba, posho ya unga, hospitali, shule, vyote vikatoka kwa mwajiri. Bazee wetu wanakumbuka mambo hayo kwa upendo, na sitawacheka: mtu aliyekula vizuri ana haki ya kukumbuka. Lakini nyumba ilikuwa kamba pia. Ukipoteza kazi, umepoteza paa. Desemba 1941 wafanyakazi weusi wa Jadotville na Élisabethville walipogoma kudai mshahara, askari waliwapiga risasi. Posho ilikuwa na mwisho wake.

Mwaka 1967 serikali ilichukua mali ya Union Minière, na kampuni ya taifa ikarithi yote: tanuru, mabwawa, shule, kambi. Ndiyo iliyokuja kuitwa Gécamines. Katika miaka ya 1980 ilikuwa ikitoa zaidi ya tani 400,000 za shaba kwa mwaka. Kufikia mwaka 1994 zilibaki tani 30,000 na kitu. Katikati ya kuanguka huko, mwaka 1992 na 1993, watu wenye asili ya Kasai walifukuzwa Katanga, na maelfu walilala siku na wiki kwenye stesheni ya Likasi wakingoja treni. Wengi walikuwa wamezaliwa hapa hapa, katika nyumba zilizochorwa na mji huu. Halafu mwaka 2003 ukaja mpango uliosaidiwa na Benki ya Dunia, ule ulioitwa "kuondoka kwa hiari", na wafanyakazi zaidi ya 10,000 wa Gécamines wakaacha kazi.

Hapo njo uzi wa mchoro ulikatika. Mji uliopangwa kumzunguka mwajiri mmoja ulijikuta bila mwajiri, lakini watu hawakuhama. Wakaanza kuupanga upya wenyewe, bila ramani. Tembea leo pembeni mwa viwanda vilivyozeeka uone. Ukuta umetobolewa, kimekuwa kibanda cha kuuza unga na makala. Ghala la zamani ni kanisa Jumapili, na Jumatatu ni karakana ya kuchomelea milango. Kwenye njia ya mabehewa mama amepanda lengalenga. Wataalamu wa miji duniani wanaandika makaratasi wakieleza faida ya kuchanganya makazi, biashara na kazi mahali pamoja. Sisi tumeshachanganya zamani, juu ya njaa.

Na mimi naunga mkono, nisieleweke vibaya. Sitaki viwanja hivi vibaki vimefungiwa waya mpaka paa ziwadondokee wezi wa vyuma. Ardhi hii iko katikati ya mji, ina barabara, ina reli, iko karibu na shule na hospitali. Kuwasukuma vijana wakajenge kilomita kumi nje, pasipo bomba wala nguzo, ni kuwapa umaskini wa nauli kila siku ya maisha yao. Kugeuza eneo la viwanda kuwa mtaa wa nyumba, maduka na karakana ni wazo zuri. Shida yangu ni mpangilio wa hatua. Tunauza kwanza, tunajenga pili, tunaugua tatu, na kupima udongo kunakuja mwisho, kama kunakuja.

Si maneno ya kutisha watu bure. Mwaka 2009 ulitoka utafiti ulioongozwa na Profesa Célestin Banza Lubaba Nkulu wa Chuo Kikuu cha Lubumbashi pamoja na wenzake wa Leuven, Ubelgiji. Walipima mkojo wa watu wa Katanga Kusini. Wale wanaoishi chini ya kilomita 3 kutoka kwenye mgodi au kiwanda cha metali walikutwa na kobalti nyingi sana, na watoto walikuwa na hali mbaya zaidi. Chukua ramani ya Likasi, weka ncha ya bikari juu ya Shituru, chora duara la kilomita 3, halafu uniambie nani yuko nje.

Jirani zetu wa Zambia wana Kabwe. Mgodi wa risasi na zinki ulifanya kazi kule karibu miaka 90, ukafungwa mwaka 1994. Kufunga mgodi hakukufunga sumu. Mitaa ilibaki kando ya malundo ya mabaki, na mpaka leo watoto wanakutwa na risasi katika damu. Na kwa Kolwezi tumeona filamu ikienda kinyume: mwaka 2014 watu wa mtaa wa Kasulo waligundua kobalti chini ya nyumba zao, wakachimba mashimo ndani ya vyumba, na mwaka 2017 familia nyingi zikahamishwa ili sehemu ya mtaa izungushiwe ukuta iwe mgodi. Penga Penga, Kabwe na Kasulo vinasema neno moja: aliye juu ya ardhi lazima ajue kilicho ndani yake kabla ya mwingine kujua.

Je, kuna namna nyingine? Ujerumani, mjini Duisburg, kiwanda kikubwa cha chuma kilifungwa mwaka 1985. Hawakukimbilia kukata viwanja. Walitenga udongo mchafu zaidi, wakaufungia, wakapanda miti, na mwaka 1994 pakafunguliwa kuwa bustani ya watu wote, tanuru zikibaki zimesimama kama makumbusho. Mtasema wao wana pesa. Kweli. Lakini kupanga hatua hakuhitaji pesa ya Ujerumani. Udongo safi upewe nyumba na shule. Ulio wa katikati ufunikwe kwa zege, uwekwe soko na karakana. Mchafu kabisa upandwe miti, usiuzwe. Na matokeo ya vipimo yabandikwe ukutani, kwenye ofisi ya komini, kwa lugha ambayo mama muuza mboga anaisoma.

Sheria haitukatazi. Sheria ya ardhi ya tarehe 20 Julai 1973 inasema udongo ni mali ya Serikali. Tunachopewa sisi ni haki ya kuutumia. Basi mwenye mali ana wajibu wa kusema mali yake ina nini. Na sheria ya mazingira ya tarehe 9 Julai 2011 inataka athari zichunguzwe kabla ya miradi mikubwa. Hatari ni kwamba kiwanja kimoja kimoja hakionekani kama mradi. Viwanja mia mbili vikiuzwa kimya kimya, tayari ni mtaa, na hakuna aliyesaini popote.

Narudi kwa yaya. Siku ya sita nilimtafuta mzee mmoja aliyefanya kazi nyuma ya ukuta ule zaidi ya miaka ishirini. Alikuja na fimbo yake, akasimama katikati ya lupango, hakuhitaji ramani. "Pale pa ule mwembe, hapana. Huku njo tanki ya asidi ilikuwa inasimama. Ikijaa, inamwangika. Hata majani hayikuwa inaota." Akatembea hatua arobaini upande wa barabara. "Huku kulikuwa ofisi na jiko. Huku iko muzuri." Katika dakika kumi alinichorea ramani ambayo sikuipata katika karatasi yoyote. Wazee kama yeye wanapungua kila kiangazi.

Kwa hiyo ombi langu si kubwa. Wewe wa historia, nenda na daftari umtembeze mzee wako kwenye kiwanda chake, uandike kila tanki na kila mfereji. Wewe wa kemia au kilimo, chukua mifuko kumi ya udongo wa mtaa wenu, uifanye kazi yako ya kumaliza masomo. Wewe wa sheria, uliza kwenye komini nani anagawa na kwa mchoro upi. Tukikusanya, tutakuwa na kitu cha kuweka mezani siku wakubwa watakapotuita kujadili mji.

Yaya hakupeleka pesa. Siku ya tisa lupango ilichukuliwa na kijana mwingine, fundi wa pikipiki, ana mke na watoto wawili wadogo. Niliona wamekwisha kuchimba msingi, karibu na ule mwembe. Nilimsalimia, nikamweleza maneno ya mzee. Alinisikiliza vizuri, akafuta jasho, akaniuliza bila hasira: "Mukubwa, basi unipatie ingine fasi."

Sikuwa nayo. Nilirudi nyumbani nikaanza kuandika.