Padre Lemaître na Chanzo cha Ulimwengu

Miongoni mwa masuala yaliyowashughulisha maulamaa wa dini na wa falsafa karne baada ya karne, sidhani kama lipo lililoandikiwa vitabu vingi kuliko hili: je, ulimwengu huu una mwanzo, au umekuwapo daima dawamu? Imamu Ghazali, katika kitabu chake Tahafut al-Falasifa alichokiandika Baghdad yapata mwaka 1095, aliwahesabia wanafalsafa makosa katika masuala ishirini, na la kwanza kabisa lilikuwa kauli yao kwamba ulimwengu ni wa kadimu. Na Ibn Rushd wa Cordoba, katika karne iliyofuata, akamjibu suala kwa suala. Mabishano hayo yalivuka mpaka Paris, na huko Mtakatifu Thomas wa Akwino, aliyefariki mwaka 1274, akashika njia ambayo wengi wa zama zake hawakuipenda: aliamini kwa moyo wote kwamba Mungu aliuumba ulimwengu ukawa na mwanzo, ila akashikilia kwamba jambo hilo hujulikana kwa imani tu, na kwamba akili peke yake haina burhani ya kulithibitisha wala ya kulikanusha. Wengi wanaosimulia habari za falaki ya karne ya ishirini huipita kauli hiyo bila ya kuitazama, ilhali pasipo kuijua ni vigumu kuufahamu mwenendo wa padre mmoja wa Ubelgiji ambaye, kuliko mtu mwingine yeyote, ndiye aliyeurudisha mwanzo wa ulimwengu katika vitabu vya hisabati.

Georges Lemaître alizaliwa mjini Charleroi tarehe 17 Julai 1894. Vita vya 1914 vilimkuta akisomea uhandisi, akaenda kutumikia katika kikosi cha mizinga, akatunukiwa nishani. Na aliporejea akauacha uhandisi akashika hisabati na fizikia, akapata udaktari mwaka 1920, kisha akaingia seminari ya Mechelen, na mwaka 1923 akapewa daraja ya upadre kwa mikono ya Kadinali Mercier, ambaye sehemu kubwa ya umri wake aliitumia kuihuisha falsafa ya Thomas katika Chuo Kikuu cha Louvain. Mwaka ule ule akasafiri kwenda Cambridge kusoma kwa Arthur Eddington, na kutoka huko akaenda Marekani, ambako wanafalaki walikuwa wakiipima nuru itokayo katika makundi ya nyota yaliyo mbali mno, na kuona kwamba mengi yao yanazidi kujitenga nasi.

Mwaka 1927, akiwa mwalimu Louvain, alichapisha kwa Kifaransa, katika jarida la jumuiya ya wanasayansi wa Brussels lisilosomwa sana nje ya nchi yake, makala ambayo ndani yake alionyesha, kwa kuifuata nadharia ya Einstein, kwamba ni ulimwengu wenyewe unaotanuka, na kwamba kadiri kundi la nyota lilivyo mbali nasi ndivyo mwendo wake wa kujitenga ulivyo mkubwa. Mrusi Alexander Friedmann alikuwa amefikia hesabu za namna hiyo tangu 1922, lakini hakuzifungamanisha na vipimo vya nyota, na Lemaître hakuwa na habari zake. Mwaka huo wa 1927, katika mkutano wa wanafizikia uitwao Solvay, Einstein alimwambia Lemaître kwamba hesabu zake ni sahihi, lakini fizikia yake inachukiza.

Kauli hiyo haikumvunja moyo. Mwezi wa Mei 1931 alitoa katika jarida la Nature waraka mfupi sana uliosema kwamba, tukiirudia njia ya wakati kwa nyuma, tutafika pahali ambapo maada yote ya ulimwengu ilikuwa imekusanyika katika atomu moja, na kwamba kupasuka kwake ndiko kulikoleta nyota, na mahali, na hata wakati wenyewe. Katika nakala aliyoipiga kwa taipu, waraka huo ulimalizika kwa aya iliyosema kwamba kila amwaminiye Mungu anaamini pia kwamba Mungu amefichika, na kwamba huenda akafurahi kuona jinsi fizikia ya leo inavyouwekea uumbaji sitara. Aya hiyo Lemaître aliikata kwa kalamu kabla ya kuupeleka waraka.

Hakuikata kwa kuionea haya dini yake, maana vazi lake la upadre alilivaa hata mbele ya wanafunzi na katika mikutano ya wataalamu wasioamini chochote. Mimi naona aliikata kwa insafu: hesabu zake zilikuwa zinamhusu kila mtu mwenye kujua kuhesabu, awe Mkristo, Mwislamu au mkanaji wa Mungu, na hakutaka mmoja wao alazimishwe kuipokea dini ili azipokee hesabu, wala aliyezikataa aonekane ameikataa dini. Wala hadhari yake haikuwa bure, kwani Eddington, mwalimu wake na mcha Mungu, hakuipenda dhana ya mwanzo wa ghafla. Na Fred Hoyle wa Cambridge, ambaye mwaka 1948 pamoja na wenzake wawili alitunga nadharia ya ulimwengu usio na mwanzo, alishuku kwamba habari ya atomu ile ni itikadi ya kanisa iliyovishwa nguo za hisabati, na ni yeye aliyeipa, katika redio ya BBC mwaka 1949, jina la Mshindo Mkubwa. Isitoshe, nadharia ya Lemaître ilikuwa na ila ya kweli: kwa vipimo vya siku zile umri wa ulimwengu ulitoka kama miaka bilioni 2, na mawe ya ardhi yalikwisha kuonekana kuwa na umri mkubwa zaidi ya huo.

Hivyo ndivyo mambo yalivyokuwa tarehe 22 Novemba 1951, Papa Pius XII aliposimama mbele ya Akademia ya Sayansi ya Vatican, ambayo Lemaître alikuwa mwanachama wake tangu 1936, akataja hesabu za umri wa mawe na wa nyota, na akasema kwa furaha kuu kwamba sayansi ya zama hizi imekuwa kama shahidi wa ile saa ya kwanza Mungu aliposema nuru iwe. Ni rahisi kuielewa furaha ya kiongozi wa dini aliyeona kwa miaka mingi sayansi ikitumiwa kuipiga vita imani. Lakini Lemaître alifadhaika, maana, kwa njia ile ile ya Thomas, hakutaka hesabu zifanywe burhani ya imani. Alikwenda Rome akazungumza na padre O'Connell, Mjesuiti aliyekuwa mkuu wa kituo cha falaki cha Vatican. Na Septemba 1952, Papa alipowahutubia wanafalaki waliokuja Rome kutoka pande zote za dunia, alieleza kwa kirefu maajabu ya nyota, na ile hoja ya mwaka uliopita hakuirudia.

Katika mkutano huo wa wanafalaki, mmoja wao, Walter Baade, aliwatangazia wenzake kwamba kipimo cha umbali wa makundi ya nyota kilikuwa na kosa, hata umbali wote ulikuwa hauna budi kuongezwa mara mbili, na umri wa ulimwengu nao uongezeke vivyo hivyo. Haikupita hata miezi kumi tangu hotuba ya kwanza ya Papa, na tarakimu zilizohesabiwa kuwa shahidi zilikwisha kubadili kauli. Tangu hapo zimebadilika tena na tena, na leo hutajwa miaka bilioni 13.8.

Dalili iliyowashinda wapinzani ilipatikana New Jersey, ambako Arno Penzias na Robert Wilson walinasa mnururisho hafifu unaotoka kila upande wa mbingu, mabaki ya mwanzo ule wa ulimwengu, wakautangaza mwaka 1965. Na Lemaître aliletewa habari hiyo akiwa mgonjwa, muda mfupi kabla ya kufariki tarehe 20 Juni 1966.

Imebaki habari moja ambayo ilichelewa kujulikana. Makala ya 1927 ilipotolewa kwa Kiingereza mwaka 1931, aya zilizokuwa na kipimo cha mwendo wa kutanuka hazikuwamo, na kwa hiyo sifa yote ilimwendea mwanafalaki Edwin Hubble, aliyetoa vipimo vyake mwaka 1929. Wapo waliodhani kwamba palifanyika hila, mpaka mwaka 2011 barua ya Lemaître ilipodhihirisha kwamba mfasiri alikuwa yeye mwenyewe, na kwamba aya zile aliziacha kwa hiari yake, kwa kuwa aliona vipimo vyake vya zamani havina faida tena kwa msomaji. Oktoba 2018 wanachama wa Umoja wa Kimataifa wa Falaki walipiga kura, na asilimia 78 wakakubali kwamba kanuni ya kutanuka kwa ulimwengu iitwe kwa majina mawili, la Hubble na la Lemaître.