Karne moja ya pointi moja: Alabama ilivyojitafutia heshima Pasadena

Januari 1, 2026 timu ya Chuo Kikuu cha Alabama ilirudi Pasadena, California, kucheza Rose Bowl, mechi ya heshima ya futiboli ya vyuo, miaka 100 kamili tangu ikanyage pale mara ya kwanza. Sherehe ikaingia shubiri. Ilichapwa 38-3 na Indiana, chuo ambacho kwa miongo mingi kilikuwa kibonde wa futiboli ya Kimarekani.

Mwaka 1926 kibonde alikuwa Alabama mwenyewe. Wakati huo majina yaliyotamba yalikuwa akina Harvard, Yale na Michigan; timu za kusini hazikutiwa maanani, na hakuna hata moja iliyokuwa imewahi kucheza Rose Bowl. Waandaaji waliitaka kwanza Dartmouth, nayo ikakataa. Alabama ya kocha Wallace Wade ilikuwa imeshinda mechi zake zote 9 msimu huo na kuruhusu pointi 7 tu, lakini bado ilionekana inakwenda kusindikiza. Wapinzani wao, Washington, walikuwa na George Wilson, mkimbiaji aliyeogopwa pwani nzima ya magharibi.

Na kweli, hadi mapumziko Washington iliongoza 12-0, ingawa ilikuwa imekosa mikwaju yote miwili ya nyongeza, yenye pointi moja kila mmoja. Wilson alikuwa ameumia. Alabama ikaingia robo ya tatu bila Wilson mbele yake, na kabla dakika saba hazijatimia ikawa imevuka mstari mara tatu. Pooley Hubert alipenya katikati ya msitu wa watu, kisha Johnny Mack Brown akadaka pasi mbili ndefu, moja ya yadi 59. (Baadaye Hollywood ilimfanya kijana huyo mtanashati kuwa nyota wa filamu za wachunga ng'ombe.) Wilson akarudi uwanjani, akarusha pasi ya bao, matokeo yakawa 20-19, na hapo ndipo yalipokomea.

Ubishi haujaisha hadi leo. Watu wa Washington wana hesabu yao: Wilson akiwemo, timu ilisonga yadi 317, akiwa nje, 17. Ni hesabu nzito, sikatai. Lakini timu iliyokosa mikwaju miwili, ikafungwa kwa pointi moja, isimsingizie majeruhi peke yake.

Treni iliyowarudisha Alabama nyumbani ilipokelewa kwa shangwe, na magazeti ya kusini yakaandika kana kwamba kisasi cha vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani, ambavyo kusini ilishindwa, kimelipwa. Mwaka uliofuata ilialikwa tena, ikatoka sare ya 7-7 na Stanford. Tangu hapo wanyonge wengine wamepita njia hiyo hiyo: Boise State iliifunga Oklahoma 43-42 katika Fiesta Bowl ya 2007, na Central Florida iliifunga Auburn mwaka 2018, ikajitangaza yenyewe kuwa bingwa wa taifa.

Hao wote, angalau, walialikwa. Alabama iliyoshangiliwa ilikuwa ya weupe watupu. Mchezaji mweusi wa kwanza kupewa ufadhili wa futiboli chuoni hapo, Wilbur Jackson, aliingia mwaka 1970. Katika jimbo hilo hilo palikuwa na Tuskegee, chuo cha weusi cha mwalimu Booker T. Washington, na timu yake ilikuwa miongoni mwa zilizotisha zaidi katika vyuo vya weusi. Cleve Abbott aliifundisha kuanzia 1923 hadi 1954, akashinda mechi zaidi ya 200. Pasadena haikuwahi kumwita.