Ndege na Upepo wa Ubavuni

Sisi tukaao Maji ya Chai, chini ya Meru, twaziona ndege zikishuka kwenda Kiwanja cha Kilimanjaro kilichofunguliwa mwaka 1971. Watoto huwauliza waalimu: mbona nyingine huja upande upande, kama mbwa akimbiaye njiani, kichwa huku na mwili kule?

Ndege za kwanza zilishuka katika viwanja vipana vya majani, ambamo rubani aliweza kuuelekea upepo popote utokako. Lakini hata zamani zile Louis Blériot, Mfaransa aliyevuka bahari kwenda Uingereza tarehe 25 Julai 1909, aliitilia ndege yake magurudumu yawezayo kugeuka yenyewe, upepo wa ubavuni usije ukaivunja miguu. Baadaye ndege zikawa nzito, zikataka njia ngumu, ndefu na nyembamba. Na njia haigeuki pamoja na upepo. Ya Kilimanjaro ni moja tu, yatoka mashariki kwenda magharibi. Na ya Arusha, kule Kisongo, vivyo hivyo. Upepo ukivuma toka kusini au kaskazini, rubani hana nyingine.

Basi hufanyaje? Akiwa bado juu huigeuza pua ya ndege kidogo upande wa upepo, kama mtu avukaye mto wenye nguvu aelekeavyo juu ili afike ng'ambo alikokusudia. Lakini akigusa chini hivyo, magurudumu yatavutwa ubavu, na ndege yaweza kupinduka. Kwa hiyo, karibu na ardhi, huinyosha pua kwa usukani wa mkia, ambao huukanyaga kwa miguu, na papo hapo hulilaza bawa la upande wa upepo. Gurudumu la upande ule hutangulia kugusa, kisha la pili, mwisho la pua. Wala kazi haijaisha: akilegeza usukani mapema, upepo huliinua bawa. Akiona mambo hayalingani, hutia nguvu akapaa tena. Wala si aibu.

Tangu Padre Pat Patten wa Shirika la Roho Mtakatifu alipoanzisha Arusha kazi ya matibabu kwa ndege ndogo, mwaka 1983, waganga wamefikishwa Umasaini, ambako njia ni ya majani, na mara nyingi ina ng'ombe juu yake. Hakuna mnara wa kumpasha rubani habari za upepo. Hutazama vumbi na moshi wa maboma, hupita chini mara moja kuwafukuza ng'ombe, kisha huzunguka. Na mama aliyeshikwa na uchungu siku mbili angoja pembeni, juu ya kitanda cha fito, akisikiliza mlio ukienda na kurudi.